Nastaafu mwakani, avenyu inataka mchango wa transfo: nitoe, au ninunue sola yangu?

Magazinie_Katuba

Jambo yenu wote. Naomba mawazo ya watu wenye akili tulivu, maana kwangu nyumbani kila mtu amepandwa na moto.

Mimi ni magazinie, mtunza stoo, katika depo moja ya vipuri vya malori hapa Lubumbashi. Fani belti zilizoingia, fani belti zilizotoka, nani alitia sahihi: hayo ndiyo maisha yangu. Mwakani natimiza miaka 60, napewa dekonti, malipo ya mwisho ya kazi, narudi kukaa Katuba mchana kutwa pamoja na wazee ninaowapita kila asubuhi wakicheza dama.

Sasa jambo lenyewe. Transfo inayotupa umeme iliungua kwenye mvua za mwezi wa pili. Tangu hapo ni mishumaa, makala na kelele za jenereta. Kamati ya avenyu ikatuita. Mwenyekiti alianza na "kidole kimoja hakivunji chawa", na mimi nimeishi vya kutosha kujua kwamba methali ikitangulia, mchango uko nyuma yake. Kila lupango, yaani kila kiwanja chenye nyumba, utoe dola 60. Likasomwa jina langu: dola 300. Nikauliza, kosa langu nini? Akajibu mbele ya watu wote, "Papa, wewe si unaenda kupata dekonti?" Watu wakapiga makofi. Makuta, hizo pesa ambazo mimi mwenyewe sijaziona, avenyu imekwisha kuzigawa.

Sikukataa, sikukubali. Nikasema nitaleta jibu.

Nyumbani ikawa mambo mengine. Binti yangu yuko mwaka wa pili wa uchumi pale UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi. Anasema umeme ni bidhaa ya umma, na bidhaa ya umma inalipiwa na serikali kwa kodi, kwa hiyo nisitoe hata franka moja, maana nitakuwa nimelipa mara mbili. Kijana wangu mkubwa, anayefanya kazi Kolwezi, anasema nisahau transfo: ninunue plake za sola na betri mbili, nifunge geti, yaishe. Mama yao hana nadharia, ana friza. Anauza tomsoni, samaki wa barafu, mbele ya nyumba, na tangu transfo ilale anauza mikebuka tu kwa sababu samaki mkavu haombi umeme. Nimepiga hesabu ya plake za kijana: zitawasha balbu, televisheni, zitachaji simu. Friza hapana, labda tuongeze betri mpaka dekonti yote iingie ndani ya betri.

Nikachukua karatasi, nikaandika kama ninavyoandika stoo. Upande wa kushoto, vitu ambavyo mshahara wangu unanunua leo kwa sababu vile vya wote havipo au havifiki: maji ya foraji (kisima cha kuchimbwa) ya jirani, kwa bidoni, mafuta ya jenereta, zamu wa usiku tunayemlipa nyumba nne, moto (pikipiki) ninayopanda wakati wa mvua kwa sababu basi haliingii kwenye avenyu yetu, kliniki ya kulipia. Upande wa kulia nikaandika: mwakani, nani atalipa? Upande huo bado mweupe.

Wenzangu kazini wanaongea juu ya kustaafu kama vile ni mshahara uliopungua. Mimi naona ni zaidi ya hapo. Mshahara huu umekuwa serikali yangu ndogo: ndio maji yangu, ndio polisi wangu, ndio barabara yangu. Siku ukikatika, serikali hiyo inaanguka, na mimi nitakuwa na miaka 60 na magoti yanayouma.

Kwa hiyo nauliza. Ni haki mtu anayestaafu atozwe mara tano? Nikitoa, halafu yule fundi wa kuchomelea wa kwenye kona asitoe kitu na apate umeme uleule, mimi nitakuwa mwema au mjinga? Na hiyo sola ya kijana, si ndiyo akili?

Assistant_wa_Eco

Salamu Papa. Mimi nasimamia mazoezi ya wanafunzi wa uchumi, huenda binti yako namjua kwa sura. Mwambie amesoma vizuri nusu ya kwanza ya somo.

Bidhaa ya umma ina alama mbili. Ya kwanza, mimi nikiitumia, haipungui kwako. Ya pili, asiyelipa huwezi kumzuia. Mchumi Paul Samuelson aliiweka kwenye hesabu mwaka 1954, katika makala ya kurasa tatu tu. Taa ya barabarani ina alama zote mbili: ikikumulika wewe haipungui kwa anayekuja nyuma yako, na huwezi kuiagiza isimmulike ambaye hakuchanga. Mtaro unaokaushwa ili mbu wasizaliane, vilevile. Mbu hawaulizi risiti.

Transfo yenu haina hata alama moja kamili. Fundi wa kuchomelea akiwasha mashine yake, balbu yako inafifia: anachovuta yeye kinapungua kwako. Na asiyelipa anazuilika, waya wake haupandi nguzoni. Mwaka 1965 James Buchanan aliandika juu ya vitu vya aina hii, vya kundi lenye mlango. Wanachama wanagawana gharama, na inabidi waamue wawe wangapi, kwa sababu kila anayeingia anapunguza mzigo wa kulipa lakini anaongeza msongamano. Yeye alitaja bwawa la kuogelea. Sisi Katuba tuna transfo.

Tofauti hiyo si maneno ya darasani, inabadilisha dawa. Kwenye taa ya barabarani mdandiaji, yaani anayefaidi bila kulipa, hashikiki, ndiyo maana inabidi kodi, na hapo binti yako ana haki. Kwenye transfo mdandiaji anashikika. Basi usikubali lugha ya huruma wala lugha ya dekonti. Anayevuta umeme mwingi ndiye alipe zaidi: fundi wa kuchomelea, mwenye mashine ya kusaga mahindi, na, Mama anisamehe, mwenye friza. Nani ana kiasi gani benki si habari ya kamati.

Halafu huo ujanja wa mwenyekiti wenu una mwenyewe aliyeueleza. Mancur Olson, mwaka 1965 huohuo, alionyesha kwamba kundi likiwa kubwa kila mtu anamsubiri mwenzake, na kwamba kwenye kundi dogo yule anayeonekana kuwa na faida kubwa zaidi anaishia kubeba mzigo usiolingana na sehemu yake, wadogo wakiegemea mgongoni mwake. Kamati yenu haijamsoma Olson, imemtafuta tu mwenye mgongo.

Gars_Kenya

Papa usitoe. Wakishaona umetoa 300, keshokutwa ni daraja, halafu mtaro, halafu kilio cha shangazi yake mwenyekiti. Mstaafu hapa Lubumbashi ni kama benki isiyo na geti. Nunua sola. Plake haina kikao.

Mwalimu_wa_Zamani

Huyu kijana wa Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, anacheka, na mimi nimecheka naye. Lakini mdogo wangu Magazinie, ngoja nikwambie mimi niliyetangulia.

Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu. Marehemu mume wangu alikuwa wa kampuni, alikatwa kila mwezi kwa ajili ya uzee, na sisi wawili tulikuwa na kitabu cha akiba. Tulijinyima. Kisha Oktoba 1993 ikaletwa zaire mpya: moja kwa zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka: moja kwa zaire mpya 100,000. Mimi nilifundisha hesabu, nikazidisha ubaoni mbele ya watoto bila kuwaambia ni hesabu ya nani: franka moja ilimeza zaire za zamani bilioni 300. Kitabu cha akiba bado ninacho. Kina muhuri, kina sahihi, kila mstari umeandikwa sawasawa. Hakuna aliyeiba hata sumni. Kilichotoweka ni thamani.

Sasa Assistant atanisahihisha kama nimekosea. Fedha isiyoyumba, si ndiyo bidhaa ya umma hasa? Ukiitumia wewe haipungui kwangu, na huwezi kunizuia nisifaidi. Ikiyumba, inayumba kwa wote, lakini haiwaumizi wote sawasawa. Mwenye duka anapandisha bei kesho yake asubuhi. Mfanyakazi anagoma. Mstaafu atagomea nini? Atakataa kucheza dama?

Ndiyo maana nasema watu wanaomuuliza mstaafu "pensheni yako ni kiasi gani" wanauliza swali dogo. Mimi nimekulia kambini. Baba yangu alikuwa mtu wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba: nyumba tulipewa, hospitali tulipewa, shule tulipewa, na poso ya unga mama alikwenda kuipanga mstari. Baba hakuwa tajiri, ila vitu vingi hakuvinunua. Tangu 1967 kampuni ikawa ya serikali, ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines, na vile vitu vikaendelea kwa miaka mingi. Katikati ya miaka ya 1980 shaba ilikuwa karibu tani 470,000 kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, zikaja vurugu za miaka iliyofuata, na kufika katikati ya miaka ya 1990 shaba ilikuwa chini ya tani 50,000. Vitu vya watu wote vilikuwa vimewekwa mkononi mwa kampuni moja, vikadhoofika pamoja nayo. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Nilikuwa na watoto wao darasani. Kwa mtoto wa mtu aliyeondoka, mshahara wa baba ulikuwa jambo moja tu. Hospitali ilikuwa jambo la pili, shule jambo la tatu, na kila moja sasa lilikuwa na bei.

Kilichonilisha mimi si kitabu cha akiba, ni vyumba viwili nyuma ya nyumba. Kimoja alikaa kinyozi. Umeme wa avenyu yetu ulipopotea kwa muda mrefu, kinyozi alihama na kiti chake, na aliyekuja baada yake alilipa nusu. Tulipoitwa kuchanga, mimi nilikuwa wa kwanza, na haikuwa kwa sababu ya wema. Una chumba cha kupangisha, mdogo wangu? Kama unacho, transfo hiyo si sadaka.

Na hiyo plake ya sola iko juu ya paa. Nani anaichunga usiku? Huyohuyo zamu uliyesema mwakani huna wa kumlipa.

Magazinie_Katuba

Mwalimu, shikamoo. Chumba ninacho kimoja, kina mwanafunzi. Juzi aliniuliza umeme utarudi lini, kwa ile sauti ya mtu ambaye amekwisha kuanza kutafuta kwingine. Nimekiingiza kwenye karatasi.

Assistant, hoja ya kulipa kwa kadiri unavyovuta nimeipenda. Mwenye friza hakuipenda. Amesema siku akifika chuoni atakutafuta.

Sasa kuna hili la pensheni yenyewe. Binti anasema nimekatwa miaka yote hii, kwa hiyo makuta yangu yapo mahali yananingoja, ni kwenda na kitambulisho tu. Mimi kama magazinie nina wasiwasi na kitu ambacho sijakiona kwenye rafu. Kuna sanduku lenye jina langu au hakuna?

Kompta_Mishahara

Papa, hakuna sanduku. Nimetengeneza listi za mishahara kwa kampuni mbili hapa mjini, wacha nieleze ninavyoijua.

Kwanza tenganisha vitu viwili ambavyo kamati yenu imevichanganya. Dekonti inatoka kwa mwajiri: mshahara wa mwisho, likizo usizochukua, na kile ambacho mkataba wa pamoja wa kampuni unakupa. Unaipata mara moja, basi. Pensheni inatoka kwenye Caisse, CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ile ambayo wazee bado wanaiita INSS. Jina na utaratibu vilibadilishwa na sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016. Kwa uzee inakatwa asilimia 10 ya mshahara: asilimia 5 yako, asilimia 5 ya mwajiri. Mafungu ya ajali za kazini na ya familia mwajiri anayalipa peke yake. Umri ni miaka 60, mwanamume na mwanamke.

Makuta uliyokatwa wewe miaka ile hayakuwekwa kwenye rafu, yalilipa wazee wa wakati ule. Wewe nawe utalipwa na wanaokatwa mwakani. Kinachobaki kwa jina lako ni hesabu ya miezi iliyolipiwa na mishahara iliyotangazwa. Basi kazi yako kabla ya kuondoka ni inventari, na hiyo unaijua kuliko mimi. Namba yako ya uanachama. Kila mwajiri uliyewahi kufanya kazi kwake, tarehe ya kuingia na ya kutoka. Cheti cha mwisho wa kazi kutoka kwa kila mmoja, hata yule wa zamani sana, na hasa huyo. Halafu jina. Nimeona faili la mzee mmoja limekwama kwa sababu jina lake lilikuwa na herufi h kwenye cheti cha kuzaliwa, na halina h kwenye listi ya mishahara. Mtu yuleyule, na h moja katikati. Haya yafanyike ungali na beji ya kuingilia ofisini. Ukishatoka getini, karani aliyekuwa anakuita Papa atakuuliza una miadi na nani.

Mwalimu, nyinyi wa serikali mna Caisse yenu peke yake, CNSSAP, kwa hiyo haya ya kwangu usiyachukue kama yako.

Assistant_wa_Eco

Kompta amemaliza kazi yangu. Niongeze tu kwamba utaratibu huo, wa vijana kuwalipia wazee bila sanduku, aliyeuweka kwenye hesabu ni huyohuyo Samuelson, mwaka 1958. Alisema unaweza kusimama daima bila mtu kudhulumiwa, ilimradi nyuma yako waje wengine wa kutosha na wao wakubali kulipa. Congo haina upungufu wa vijana. Ina upungufu wa vijana ambao mshahara wao unapita kwenye listi ya akina Kompta. Fundi wa kuchomelea hapiti huko. Mwendesha moto hapiti. Mama wa friza hapiti, naye ndiye atakayekuwa anamlisha Papa mwezi ambao Caisse imechelewa. Pensheni yako mkononi ni yako peke yako, hakuna wa kuifaidi nawe. Ila imesimama juu ya vitu vya wote: rejista inayotunzwa, fedha isiyoyumba, waajiri wanaotangaza mishahara ya kweli. Mwalimu, sina cha kukusahihisha. Ningekuita uje utoe somo.

Ila kwa Gars_Kenya ninalo neno. Mtu mmoja mmoja akijinunulia sola, foraji na zamu, wale wenye uwezo wanajitoa mmoja baada ya mwingine, na kwenye kikao wanabaki wasioweza. Hapo kitu cha wote hakipati tena mtetezi mwenye sauti. Plake haina kikao, kweli. Na ndiyo shida yake.

Kabini_Kampemba

Sisi tulishapita hapo. Avenyu yetu ilinunua transfo kwa mchango, na mimi nilikuwa kwenye kamati. Nitasema yaliyosaidia, na yale yaliyotutesa.

Kilichosaidia kwanza ni ukuta. Tulibandika listi ya waliotoa na wasiotoa nje ya famasi, kila wiki. Hakuna matusi, ni majina na kiasi tu. Watu waliokuwa wagumu mbele ya kamati walilegea mbele ya ukuta, maana mama mkwe akija kununua dawa anasoma. Pili, tulihesabu kwa mita na kwa mashine, si kwa lupango. Kuna lupango lenye nyumba moja na lupango lenye wapangaji wanane. Dola 60 kwa wote wawili ni dhuluma, na mwenyekiti wenu anaijua vizuri kama lake ndilo lenye wanane. Tatu, kila anayekuja kuunganishwa baadaye analipa kiingilio. Bila hiyo kila mtu ana akili ya kungoja wengine wanunue, halafu ahamie.

Aliyechelewa kulipa hatukumkata mara moja. Mara ya kwanza tulimwendea nyumbani. Mara ya pili jina likaandikwa kwa wino mwekundu. Waya ulikuwa wa mwisho kabisa, na ulitumika kidogo sana.

Kilichotutesa ni mafundi wa kuchomelea. Walipoona umeme mzuri wakahamia kwetu kutoka avenyu za jirani, transfo ikaanza kunguruma. Tukawapangia saa: mashine kubwa mchana, jioni ni za kupika na kusoma. Walilalamika sana, kisha wakazoea. Na kabla hamjanunua chochote, andikeni barua kwa kampuni ya umeme mkiuliza kwa maandishi: transfo itakuwa ya nani, nani ataitengeneza, saizi gani inafaa kwenu. Jibu la mdomo lisiwatoshe.

Assistant_wa_Eco

Ulichokieleza hapa, Elinor Ostrom alikipata kwa wakulima wanaogawana maji ya mifereji huko Valencia, Hispania, na kwa wafugaji wa kijiji cha Törbel katika milima ya Uswisi, ambako mtu haruhusiwi kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi. Wanaotumia wanajuana, kanuni wamejiwekea wenyewe, mlinzi ni mmoja wao, na adhabu inaanza ndogo. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata. Wino wenu mwekundu angeupenda.

Magazinie_Katuba

Nimekwenda kwenye kikao na karatasi, na mwenye friza amekuja pia, amekaa mbele.

Nimewaambia hivi. Mchango wangu uhesabiwe kwa mita na kwa friza, kama wa kila mtu. Kwa hesabu ya Kampemba imetoka dola 85, si 60, na nimekubali. Zile 215 zilizobaki kwenye 300 yao sizitoi kama zawadi. Nawakopesha. Nitawapa dekonti ikitoka, ili transfo isingoje watu wanaolipa kidogo kidogo. Zirudi kwangu kila mwezi, kutoka kwenye viingilio vya wapya na mafungu ya fundi wa kuchomelea, kuanzia mwezi ule mshahara wangu unapokoma. Faida sitaki. Nataka tarehe.

Mwenyekiti alinyamaza, akaanza methali nyingine, mke wangu akamwomba ataje kwanza lupango lake lina mita ngapi. Zipo sita. Kikao kilichukua muda mrefu baada ya hapo. Mwishowe wamekubali hesabu ya mita, na mkopo wamesema ni jambo jipya, wataujadili Jumapili.

Kijana wa Kolwezi amekasirika kidogo. Nimemwambia alete plake moja na betri moja kwa ajili ya usiku wa delestaji, yaani mgao wa umeme, zaidi ya hapo abaki nayo.

Gars_Kenya

Papa, umewakopesha avenyu?! Avenyu ina mkono wa kulipa? Ina kitambulisho?

Kompta_Mishahara

Kijana ameuliza swali la kisheria bila kukusudia. Avenyu haiwezi kushitakiwa wala kutia sahihi. Papa, Jumapili usikubali karatasi iliyoandikwa "Kamati". Taka majina ya watu watano wenye hati za malupango, kila mmoja ameandika kwa mkono wake kiasi anachodhamini, mbele ya shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, na muhuri wake. Mwenyekiti awe wa kwanza kwenye listi. Nakala tatu: moja kwako, moja kwa shefu, moja kwa kamati. Ile yako usiiweke pamoja na karatasi za Caisse. Itie kwenye bahasha nyingine, na Mama wa friza ajue ilipo.